Mwaka wa Idai na Kenneth

Machi 2019 nilikuwa naishi Kayole, Nairobi, naanika nguo asubuhi bila hata kutazama mawingu. Mvua ya masika ilikataa kuja. Mama alipiga simu kutoka Njoro: alikuwa amepanda mahindi kwenye udongo mkavu, na ndege walikuwa wanazifukua mbegu.

Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba kimbunga Idai kilikuwa kimeuvuta unyevu kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 15 kilitua karibu na Beira, Msumbiji. Mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, mashamba yakawa bahari. Watu walikaa siku kadhaa juu ya mapaa na miti. Kule Chimanimani, Zimbabwe, mawe yaliporomoka usiku yakafukia nyumba. Nchi hizo mbili, pamoja na Malawi, zilipoteza watu zaidi ya 1,000. Sikuweza tena kulalamikia jua.

Aprili 25, kimbunga kingine, Kenneth, kikapiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, baada ya kupita Komoro. Kisiwa cha Ibo kiliharibiwa vibaya. Wenyeji wa huko husema Kimwani, ndugu wa Kiswahili. Niliposikia wakihojiwa redioni, maneno mengi niliyaelewa, nikalia.

Mama alipanda upya Mei.