Nilivyofundisha Bonde la Ufa kwa mche wa sabuni

Nafundisha darasa la nne hapa Mto wa Mbu, mkoani Arusha, na madirisha ya darasa langu yanatazama ukuta wa Bonde la Ufa. Ukisimama ubaoni unaiona barabara ya Karatu ikipanda kwa kujipindapinda, malori yakikoroma, mibuyu imeng'ang'ania mawe. Pamoja na hayo, miaka miwili mizima nilikuwa nawaimbisha watoto kwamba bonde la ufa hutokea ardhi inapopasuka na sehemu ya kati kudidimia. Wanaimba vizuri kabisa, dirisha wamelipa mgongo. Siku nilipouliza Bonde la Ufa liko wapi, mmoja akajibu: "Ukurasa wa thelathini na mbili."

Nikaomba ushauri, na hapo ndipo nilipoponzeka. Mwenzangu mmoja, ambaye kila akitoka semina hurudi na jambo jipya, akaniambia niachane na mabonde, nianze na volkano, kwa sababu watoto hupenda vitu vinavyolipuka. Mlima wa udongo, kopo katikati, bekingi soda, rangi nyekundu ya juisi, kisha siki. Dakika kumi umemaliza, alisema.

Dukani bekingi soda hakuna. Nikajiambia magadi si ndugu yake? Nikanunua bonge la magadi, hayahaya tunayotia kwenye makande, nikalitumbukiza koponi zimazima na kumimina siki. Volkano yangu ikatoa vipovu viwili vitatu kama mtoto mwenye mafua. Darasa kimya. Kwa hasira nikayatwanga magadi yote, nikajaza kopo, nikamwaga chupa nzima ya siki kwa mkupuo. Hapo kweli ikalipuka! Povu jekundu likanimwagikia suruali ya kaki, viatu, na rundo la daftari nilizokuwa bado sijasahihisha. Watoto walishangilia mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia.

Nilijiona bingwa kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha kijana mmoja, ambaye bibi yake anaishi upande wa Engaresero, karibu na mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, akanyoosha kidole: "Mwalimu, ya Lengai siyo nyekundu. Ni nyeusi, halafu inageuka nyeupe."

Alikuwa sahihi. Lava ya Ol Doinyo Lengai imejaa chumvi za jamii ya magadi, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya lava za milima mingine. Hutoka nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu inapauka ndani ya siku chache. Yaani magadi nilikuwa nayo mkononi, mlima wenyewe uko mkoa huuhuu, na mimi nikaenda kununua rangi ya juisi. Jaribio la mwisho wa mwezi likanimaliza: watoto wanne waliandika kwamba volkano husababishwa na siki.

Sabuni ilinijia nyumbani, nikimtazama mke wangu akikata mche kwa kisu. Nikamwomba mmoja. (Bei yake ilikuwa elfu mbili na kitu, au tatu, yeye anadai ni zaidi na bado ananidai.) Nikaukata vipande vitatu kwa mshazari, nikalaza ncha mbili juu ya dasta mbili zilizoachana kidogo, kipande cha kati kikae kati yake. Kikadondoka puu mezani hata sijagusa kitu. Nilikuwa nimekata kinyume: kipande cha kati kilikuwa chembamba juu na kipana chini. Mche wa pili nikakata kiwe kipana juu, chembamba chini, kama kizibo. Na usisahau kulowesha pale ulipokata, la sivyo vitagandana na utaaibika. Safari hii kilikaa. Nikavuta dasta zote mbili taratibu, kila moja upande wake, na kipande cha kati kikashuka chenyewe, pole pole, kuta zikibaki juu.

Sikusema neno. Darasa zima liligeuka dirishani lenyewe. "Mwalimu, kumbe sisi tuko kwenye kile cha kati!"

Nikawaambia ardhi inavutwa bado, ila kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kiasi ambacho ukucha hukua kwa mwezi, ardhi inahitaji karibu mwaka mzima. Wakaanza kukagua kucha zao. Nilikuwa najiandaa kufunga kipindi kwa fahari pale binti mmoja wa nyuma alipouliza: "Jua linakozama kuna ukuta. Upande wa Makuyuni mbona hakuna?"

Nilisema tutaona kesho, jibu la walimu wote waliobanwa.

Nilikuwa naijua barabara ya Makuyuni, inayoelekea mashariki, tangu utoto na sikuwahi kujiuliza. Kumbe huku kwetu ardhi ilikatika upande mmoja tu, wa magharibi; upande wa mashariki umeinama kama kitanda kilichovunjika miguu ya kichwani. Kesho yake nikaja na mche wa tatu, nikaukata mara moja tu kwa mshazari. Kipande cha magharibi nikakilaza chote juu ya dasta, cha mashariki kikakiegemea, ncha yake ya mbali ikiwa juu ya dasta nyingine. Nilipovuta, ncha ya karibu iliteleza chini na kipande kikalala kwa mwinamo. Nikamwita yule binti adondoshee maji kwa kijiko. Maji yakateremka yakajikusanya chini ya ukuta, palepale linapokaa Ziwa Manyara.

"Na flamingo wako wapi?" akauliza mwingine. Nikachora mmoja kwa chaki ya pinki, akalowa akayeyuka.

Vipande vya sabuni niliviweka kabatini ofisini kwa ajili ya mwaka ujao. Ukuta wa magharibi umeshakwisha. Wenzangu wananawia mikono baada ya chai, na yule wa semina ndiye wa kwanza.