Mabingwa wa Wahoo

Mimi ni mtoto wa netiboli, nimekulia Morogoro. Softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo kama besiboli, nimeikuta huku Omaha, Marekani, kwa sababu ya binti yangu. Jina linadanganya: “soft” ni laini, lakini mpira wenyewe hauna ulaini wowote, ulinipata kwenye ugoko nikachechemea wiki nzima.

Jumamosi, jukwaani, bibi mmoja akaniuliza kama nimeshafika Wahoo. Nikadhani ananitania. Kumbe ni mji mdogo tu, magharibi ya hapa, na uliwahi kuwa na chuo kidogo, John F. Kennedy College, kilichofunguliwa 1965. Mashindano ya kwanza ya kitaifa ya softiboli ya vyuo kwa wanawake yalichezwa hapahapa Omaha mwaka 1969. Nani alibeba kombe? Wale wasichana wa Wahoo. Wakalibeba tena 1970, na tena 1971!

Sheria ya kuwapa wanawake nafasi sawa vyuoni, michezo ikiwemo, ilipitishwa 1972. Yaani wao walishamaliza kazi.

Chuo kilifungwa 1975. Binti yangu anataka twende Wahoo Jumapili. Nimemwambia sawa, ila yeye ndiye atakayebeba chapati.