Jukwaa la darubini: limefuata Mwezi saa nzima bila kuteleza

Jumamosi ya mwisho ya Agosti 2025, katika siku ya maonyesho na tuzo ya chama chetu cha wapenda anga hapa Mwanza, jukwaa langu liliibeba darubini kuanzia saa 1:20 hadi saa 2:20 usiku, na kreta ya Theophilus, shimo kubwa kwenye uso wa Mwezi, haikutoka ndani ya lenzi hata mara moja. Watu walipanga foleni, wakainama, wakatazama, wakampisha mwingine, nami nilisimama kando mikono ikiwa nyuma. Kwa wiki tano kabla ya hapo jukwaa hilohilo lilikuwa likiteleza kila usiku, na kwa kuwa sababu yake sikuikuta katika maelezo yoyote niliyosoma, nimeona niiandike yote kabla sijaisahau.

Wenzangu wenye darubini za Dobson, yaani bomba lenye kioo linalokaa kwenye sanduku na kusukumwa kwa mkono, wanaijua adha yenyewe. Yangu ina kioo cha milimita 200 na fokasi ya milimita 1200; ukiweka lenzi ya milimita 10 unapata ukuzaji wa mara 120, na nyota huvuka uwanja wa kuonea kwa dakika 1 na sekunde 40 hivi. Mwaka jana nilisukuma bomba baada ya kila mtazamaji. Watoto waliofika kwenye lenzi wakiwa wamechelewa waliona giza tupu, wakanishukuru kwa adabu, "Nimeona, mwalimu," wakaenda zao. Nililitambua hilo pale mmoja alipoulizwa na mdogo wake jinsi sayari ya Zohali ilivyo, akakosa la kusema. Liliniuma sana, na usiku uleule niliamua kwamba maonyesho yanayofuata darubini itakwenda na anga yenyewe.

Jukwaa la aina hii, linaloigeuza darubini polepole kuuzunguka mstari ulio sambamba na mhimili wa dunia ili ifuate nyota, si jambo geni. Mfaransa Adrien Poncet alitangaza lake mwaka 1977, na michoro iliyotokana na wazo hilo ni mingi. Tatizo ni kwamba mingi imekusudiwa watu wanaoishi kwenye latitudo ya digrii 40 au 50, ambako mhimili wa dunia unaelekea juu angani, kwa hiyo jukwaa lao huwa na egemeo moja upande mmoja na tao upande wa pili. Mwanza iko digrii 2.5 kusini mwa ikweta. Hapa mhimili umelala karibu sambamba na ardhi, ncha ya anga ya kusini imezama katika ukungu nyuma ya vilima vya mawe, na jukwaa linageuka kuwa kitu kama kitanda cha kubembelezea mtoto: matao mawili yanayolingana kabisa, moja kaskazini na jingine kusini, yote yakiwa yamekaa juu ya beringi na kuviringika kutoka mashariki kwenda magharibi kwa digrii 15 kila saa. Umbali kati ya matao yangu ni milimita 600, hivyo upande wa kusini niliuinua kwa milimita 26, na kazi ya latitudo ikawa imekwisha.

Kilichonikwamisha ni mwendo. Mota ndogo huzungusha ekseli ya chuma, na ekseli hulisukuma tao kwa msuguano tu. Nusukipenyo cha tao kilikuwa milimita 400, kwa hiyo ukingo wake ulipaswa kusogea milimita 1.75 kila dakika, na hesabu hiyo niliirudia mpaka nikaichoka. Hata hivyo, kila nilipoanza jaribio, nyota ilikimbilia upande wa magharibi, ishara ya jukwaa lililochelewa. Nilipoongeza kasi ya mota, nusu saa ya kwanza ilitulia, lakini nusu saa ya pili nyota ileile ikatorokea mashariki, ishara ya jukwaa lililotangulia. Nikipunguza kasi, narudi nilikotoka. Nilibadilisha mota. Niliandika upya programu yake. Nilifunga ekseli kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikapata mruko kila ilipopita sehemu ya kiungo. Nikaondoa vanishi kwenye ukingo wa tao kwa msasa, kwa sababu usiku wa huku ziwani una unyevu na nilishuku umande. Hatimaye nilichora alama za penseli kwenye ekseli na kwenye tao, nikakaa nazo kwa tochi saa nzima: katika nusu ya kwanza tao lilibaki nyuma ya ekseli, katika nusu ya pili likaipita. Mota haikuwa na kosa lolote. Tao ndilo lililokuwa likiteleza, tena kwa pande mbili tofauti, na jambo hilo lilinikosesha usingizi kwa sababu sikuona jinsi msuguano unavyoweza kubadilisha nia katikati ya kazi.

Jibu alilipata seremala anayenikatia mbao, mtu ambaye hajawahi kuangalia kwenye darubini. Nilipompelekea jukwaa likiwa na darubini yake juu, alilisukuma kwa kiganja, taratibu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha akalirudisha. "Mwalimu," akasema, "hiki kitu upande huu kinapanda mlima, upande ule kinateremka."

Hapo nilielewa. Matao yanapaswa kuwa na kitovu chao palepale kilipo kitovu cha uzito wa vyote vinavyobebwa, ili mzigo uzunguke bila kupanda wala kushuka. Nilipopima mwanzoni, nililisawazisha sanduku peke yake juu ya mpini wa jembe, na sehemu ya bomba nikaikadiria kwa macho kwa kuwa niliogopa kuliangusha. Niliporudia kipimo na kila kitu kikiwa mahali pake, hadi lenzi na kionambali kidogo cha kulengea, kitovu cha uzito kilikuwa sentimita 9 juu ya kitovu cha matao. Mzigo ni kama kilo 30. Jukwaa likiwa limeinama digrii 7.5 mwanzoni mwa safari, ekseli ilikuwa ikilisukuma tao dhidi ya nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja, na baada ya kuvuka katikati nguvu hiyohiyo ilikuwa ikilivuta mbele.

Dawa ilikuwa kukata matao mapya yenye nusukipenyo cha milimita 490, na mwendo wa ukingo ukawa milimita 2.14 kwa dakika. Katika kukata, ninasisitiza jambo moja: msumeno wa umeme wa kukatia mikunjo ni wa kupunguza plaiwudi tu, usiuamini kwa mstari wa mwisho. Nilipigilia msumari sakafuni, nikafunga ubao mrefu kama mkono wa bikari, na tao likasuguliwa dhidi ya msasa uliogandishwa kwenye kigingi, mpaka mkono uliopita juu ya ukingo haukuhisi bonde wala tuta. Vilevile pimamaji ya fundi mwashi ni bora kuliko ile ya simu, ambayo ilinipa majibu matatu tofauti juu ya meza moja.

Siku yenyewe, mstari wa kaskazini na kusini wa kulielekezea jukwaa niliuazima kwa mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa jirani na meza yangu na saa yake ya jua. Alikuwa ameuchora kwa chaki kwa kulinganisha vivuli vya fimbo vya asubuhi na vya alasiri. Kijiti cha saa yake nacho kimelala karibu kugusa ubao, kwa sababu ileile ya digrii 2.5, na alikuwa akiwaeleza wageni kwamba jua letu hufika katikati ya mchana kwenye saa 6:48 hivi, kwa kuwa saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 ilhali Mwanza iko karibu na 33. Tuzo ya chombo kilichotengenezwa kwa mkono ilikwenda kwake, na mimi nilikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi.

Usiku alikuja mvuvi mmoja mzee kutoka mwaloni, pale ufukoni mitumbwi ya uvuvi inapofikia. Kwa kuwa Mwezi ulikaribia nusu, giza la kuvulia dagaa kwa taa lilikuwa limekatika na alikuwa na nafasi. Aliinama kwenye lenzi, akakaa dakika nzima bila kusogea, na darubini ikamsubiri. "Kumbe huyu anayetunyima dagaa ana makovu namna hii!" Akarudi nyuma ya foleni ili atazame tena. Baadaye Zohali ilipopanda juu ya paa, pete zake zikiwa nyembamba kama sindano mwaka huu wa 2025, alikuwapo bado.

Nilikuwa nimepanga wiki hii nipake rangi na kuweka swichi ya kurudisha jukwaa mwanzo. Nimeviacha vyote. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi utapatwa wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, na nimeazima kamera. Kupatwa kamili ni dakika 82, jukwaa linakwenda 60, kwa hiyo nitaliwasha saa 2:20, nilirudishe kwa mkono saa 3:11 Mwezi ukiwa ndani kabisa ya kivuli, kisha liendelee. Mota nitaiacha polepole kidogo kama Jumamosi, kwa kuwa Mwezi wenyewe husogea mashariki miongoni mwa nyota. Lakini kamera ina gramu 700 na inakaa karibu na mdomo wa bomba, hivyo kesho jioni naanza na mpini wa jembe.