Nilivyoacha kupigana na shafti ya PTO

Mwanzoni nilikuwa naogopa kufunga slasha, ile mashine ya kufyeka nyasi inayofungwa nyuma ya trekta, kuliko kazi yenyewe ya kufyeka. Kufyeka unakaa juu unaendesha, lakini kufunga slasha ukiwa peke yako ndo unajua trekta ni chuma. Narudi nyuma, nashuka, naona mkono wa trekta haujafika kwenye pini, bado inchi mbili, napanda, narudi tena, sasa nimepitiliza, nashuka, nachukua mtaimbo naanza kuisukuma slasha nzima utadhani ina magurudumu. Lisaa linakatika na shafti, ile ya kupeleka mzunguko kutoka trekta hadi slasha, bado imelala kwenye nyasi.

Siku moja mzee mmoja, dereva wa siku nyingi, alinikuta natoka jasho hivyo hivyo. Hakushika kitu. Akaniuliza tu, "Kijana, hii slasha mara ya mwisho uliifungulia wapi?" Nikamwambia hapa hapa mzee, nilipomalizia kazi. Akasema, "Basi shida uliitengeneza siku ile." Na kweli, niliiacha kwenye mteremko, upande mmoja umezama kwenye udongo laini, shafti nimeitupa chini imejaa mchanga. Tangu hapo naifungulia sehemu tambarare na ngumu, naweka vipande vya mbao chini yake, na shafti naitundika, haigusi ardhi. Hilo peke yake lilipunguza nusu ya matusi.

Kingine alichonionyesha ni mpangilio. Mimi nilikuwa naanza na upande wowote uliokaribia. Kumbe unaanza na mkono wa chini wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndo wenye kile kishikio cha kuzungusha cha kuupandisha na kuushusha, sasa ukishakamata kushoto, kulia unausogeza wewe mpaka tundu likae sawa na pini. Halafu mkono wa juu, ule unaozungushwa kurefuka na kufupika. Shafti mwisho. Na kabla ya shafti angalia kile chuma cha kuvutia trela, kama kimetokeza nyuma kirudishe ndani au kitoe kabisa, maana slasha ikipanda au ikishuka shafti inaweza kukigonga.

Sasa kuchomeka shafti kwenyewe. PTO, kile kichwa chenye meno kinachozunguka nyuma ya trekta, yangu ni ile ya kawaida ya mizunguko 540 kwa dakika, meno 6, unene kama milimita 35. (Zipo zenye meno 21 unene ule ule, hizo ni za 1000, ukiona kichwa hakiingii kabisa hesabu meno kwanza kabla hujashika nyundo.) Tatizo ni kwamba ukishainua shafti na kava lake la plastiki huoni ndani, unasukuma kwa kubahatisha huku mikono inatetemeka. Nilichofanya, nilichukua rangi nyeupe nikapiga mstari nje ya kichwa cha shafti, pale pale ambapo kwa ndani kuna mfereji mmoja. Nikipeleka, naangalia jino la juu la PTO liko wapi, nalenga mstari, inaingia. Meno nayapiga brashi ya waya na dizeli, napaka grisi kidogo. Ikishaingia nasubiri ile kitufe cha kufungia iruke "ta", halafu naivuta kwa nguvu kurudi kwangu. Isipotoka, sawa. Usiamini macho hapo, vuta.

Haya yote injini imezimwa na funguo iko mfukoni. 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja, shati likinaswa hata neno "aah" hulimalizi. Na visu vya slasha vinaendelea kuzunguka hata ukishazima PTO, kwa hiyo nasubiri visimame kabisa ndo nashuka.

Nikajiona fundi. Sasa shafti ya zamani ilichoka krosi zote mbili, zile jointi za kupindia kila mwisho wa shafti, nikanunua mpya, nikaifunga vile vile ilivyotoka dukani. Kuipunguza urefu hata sikuwaza, shafti si shafti? Nikainua slasha. Ilipofika katikati tu, pale shafti inapolala usawa, nikasikia mlio mkavu, kaak, na trekta ikasukumwa kidogo mbele. Shafti ni mabomba mawili, moja linateleza ndani ya lingine, sasa bomba la ndani lilikuwa limegota mwisho wa bomba la nje, halina pa kwenda, basi ikawa inasukuma PTO huku na giaboksi ya slasha kule. Kesho yake oili inadondoka chini ya giaboksi, sili, ile ya kuzuia oili isitoke, imekwisha. Hiyo niliigharamia mwenyewe na sina wa kumlaumu.

Kuirekebisha haikuwa ngumu, ilitaka utulivu tu. Nilizitenganisha zile nusu mbili, moja nikaichomeka kwenye trekta, nyingine kwenye slasha, nikainua slasha mpaka pale ambapo umbali ni mfupi kuliko pote, nikaweka magogo chini yake, nikazima. Nikazilaza zile nusu ubavu kwa ubavu nikapiga alama, kila bomba libaki na nafasi kama sentimita 4 kabla ya kugota. Kwangu ilikuwa kukata sentimita 7. Na unakata vinne, bomba la ndani, la nje, na makava yote mawili, kiasi kile kile. Baada ya grainda nikapiga tupa kingo zote, nikatoa vumbi la chuma, grisi. Halafu nikashusha slasha mpaka chini nione upande wa pili, maana ukikata sana mabomba yanabaki yameshikana kidogo, yanaweza kuchomoka kazini. Mimi nilitaka theluthi moja iendelee kuwa ndani hata shafti ikiwa imerefuka kabisa, na ilizidi.

Nikawasha, nikaingiza PTO taratibu. Trekta nzima inatetemeka kama inapita kwenye mawe! Nikadhani nimepinda kitu. Nikazima, nikakaa naiangalia ile shafti muda mrefu mpaka nikaona: bomba langu ni la pembe nne, linaingia kwa namna nne, na mimi nilipoziunganisha nililiingiza vibaya, krosi ya mbele uma wake, kile chuma chenye masikio mawili kinachoshika krosi, umesimama na ya nyuma uma wake umelala. Uma zile mbili za katikati zinatakiwa zielekee upande mmoja. Nikachomoa upande wa trekta, nikazitenganisha, nikageuza robo, nikarudisha, nikasikia "ta", nikavuta. Nikawasha tena. Ikatulia.