Upya wake hauzibi tundu

"Umeipima hiyo kapasita?"

"Ni mpya, Mjomba."

"Upya wake hauzibi tundu. Nimekuuliza kama umeipima."

Tangu Jumanne maneno haya yananizunguka kichwani.

Ile moduli ya envelopu, sehemu ya sinthesaiza inayopandisha na kushusha sauti, ilikuwa inakwama. Geti (ishara ya kuanza) ikiingia taa inapanda vizuri, lakini kidhibiti cha kupanda kikizungushwa hadi mwisho, hatua ya kushuka haianzi. Nilishabadilisha 7555, chipu ya kupima muda, mara mbili. (Iwe 7555, si ndugu yake NE555: umeme unaotoka kwenye NE555 huishia kama volti moja na nusu chini ya ule unaoiendesha, na hapa kila volti ina kazi.)

Hesabu yenyewe naijua, ndiyo maana inauma. Kwa umeme wa volti 12, 7555 hugeuza hatua kapasita, inayojazwa umeme kidogo kidogo, inapofika theluthi mbili, yaani volti 8. Hapo zimebaki volti 4 za kusukuma, na potenshiomita (kidhibiti chenyewe) ya megaohmu 1 itapitisha mikroampea 4, pengine pungufu, maana dayodi ya 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, nayo inakula chake. Kapasita ikivuja kiasi hicho, kinachoingia ndicho kinachotoka. Volti 8 haifikiwi abadani.

Usiku nikaipima kapasita. Ing'oe kwenye sakiti, iunge mfululizo na rezista ya kiloohmu 100, tia volti 12, ngoja dakika 5. Ukiwahi, mita inasoma mkondo wa kujaza, si wa kuvuja. Kila volti 0.1 kwenye rezista ni mikroampea 1. Yangu ilisoma 0.6. Mikroampea 6!

"Nimekuuliza kama umeipima." Nami nikainama nikaendelea kulehemu, bila kumjibu mtu anayefungua na kutengeneza redio Kibokoni, Mombasa, tangu sijazaliwa.

Nimeitoa ile kapasita ya elektrolitiki ya mikrofaradi 10, nikaweka mbili za filamu, zisizovuja sana, 2.2 kila moja, sambamba. Kupanda kurefu kabisa sasa ni karibu sekunde 5 badala ya 11, na sijutii hata moja. Bafa, chipu inayosoma volti ya kapasita bila kuinyonya, ni TL072. NE5532 usiiweke hapo, mkondo wa pini zake za kuingilia ni mkubwa mno kwa megaohmu 1. Mwisho nikasugua bodi kwa spiriti na mswaki, kwani utando wa flaksi ya kulehemu ukinywa unyevu wa huku pwani nao huvujisha.

Saa nne usiku taa ikapanda polepole, ikafika kileleni, ikashuka, ikatulia pale pale nilipoiweka. Nilirudia labda mara ishirini. Kesho asubuhi naipeleka kwa Mjomba, pamoja na mahamri, nimwambie nimeipima.