Dania kwenye balkoni: nimeacha kuibembeleza

Mara ya kwanza kupanda dania nilitumia vikopo vidogo vya mtindi, nikasubiri siku 4 nikaona kimya, nikaanza kufukua nione kama mbegu zimekufa. Jamani msifanye hivyo. Dania huwa inajivuta, wiki 1 mpaka 2 hivi, na kukiwa na baridi inaweza kufika 3.

Zilipochipua nikajiona fundi, nikazihamishia kwenye ndoo nyeusi nikaiweka pale jua la mchana linapopiga mpaka jioni, nikidhani jua jingi ndo raha yake. Kumbe nimeharibu mara mbili. Dania ina mzizi mmoja mrefu unaoshuka moja kwa moja, haipendi kabisa kupandikizwa, ukiuvuruga tu mmea unashtuka, afu ile ndoo nyeusi inavuta joto udongo unakuwa kama umepashwa, na mmea ukiona joto au kiu unajua siku zake zimekwisha unakimbilia kutoa maua. Shina likarefuka ghafla, majani yakawa membamba kama ya karoti (ni ukoo mmoja kwa kweli), ladha ikabadilika. Nikawa nakata yale maua kila siku nikidhani itarudi kutoa majani. Wapi! Ikishaamua imeamua.

Kwa hiyo saa hii sipandikizi. Napanda palepale itakapoishi, ndoo nyeupe ya kina cha kama sentimita 25, matundu ya kutosha chini, udongo nimechanganya na mboji, na inakaa upande unaopata jua la asubuhi tu. Kile kiduara unachokiita mbegu moja ndani huwa kina mbegu 2, kwa hiyo naviringisha chupa juu yake kidogo tu vipasuke, sio kusaga eh, kisha naloweka usiku mzima. Kina cha sentimita 1 kinatosha. Maji namwagia taratibu udongo ukianza kukauka juu, maana ukilowesha kila saa vimiche vinaoza shingo vinalala chini.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni kukubali kwamba dania ni ya msimu mfupi. Badala ya kumwaga pakiti nzima siku moja, kila baada ya wiki 2 au 3 napanda kisoda kimoja cha mbegu kwenye chombo kingine, hivyo ndoo moja ikichoka nyingine iko tayari. Kukata naanza na majani ya nje, ya katikati nayaacha, na sizidishi theluthi ya mmea kwa siku moja. Vidukari vikija navipiga na maji, basi.

Ile inayokimbilia maua siing'oi tena, nyuki wanaipenda. Mbegu zikigeuka kahawia nakata vichwa navitia kichwachini kwenye mfuko wa karatasi, zikikauka zinapukutika zenyewe, na hizo ndo zinarudi ndooni.