Simu ya kwanza betri ilivimba, hii ya pili naitunza hivi

Wadau, mimi ni dereva bajaji hapa Dar na simu kwangu ndio ofisi, oda zinaingia humo, ramani humo, hela ya abiria humo humo, yani betri ikisumbua siku imeharibika.

Simu ya kwanza niliinunua mpya dukani, muuzaji akaniambia usiiwashe, kaichaji kwanza masaa nane. Nikafanya hivyo hivyo. Kumbe ushauri ule ni wa enzi za betri za nikeli, zile ndio zilikuwa zinataka chaji ndefu mwanzoni na kumalizwa mpaka chini. Za sasa ni lithiamu, Sony waliziingiza sokoni tangu 1991, zinatoka kiwandani na chaji kiasi, unawasha unatumia. Masaa nane yale hayakuiua simu ila yaliniachia tabia, kila usiku naichomeka naiweka chini ya mto mpaka asubuhi, na mchana naisubiri mpaka izime ndio nachaji. Ile ya chini ya mto sitaki hata kuikumbuka, watoto walikuwa wanalala chumba hicho hicho.

Ila kilichoimaliza hasa ni joto. Holda nilikuwa nimeifunga juu kwenye kioo cha mbele, jua la saa saba mwezi wa pili linapiga pale pale, ramani inatembea, mwanga wa skrini nimeupandisha mpaka mwisho, na waya wa chaji umechomekwa kwenye bajaji. Ukiishika inachoma kiganja. Mwaka na miezi minne hivi nikaanza kuona upande wa kushoto skrini imeachia, kuna uwazi unaingia ukucha, na ukiilaza mezani ukaigusa kidogo inazunguka kama pia.

Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, hata hakuishika, akasema, "Braza zima kwanza hiyo simu, na usiibonyeze." Akaifungua taratibu na kikadi cha plastiki, bisibisi kaiweka mbali kabisa maana betri hizi ukizitoboa zinashika moto. Nikaiona sasa, imevimba kama andazi. Akanieleza kwamba ile ni gesi, betri ikikaa kwenye joto huku imejaa chaji muda wote inazeeka haraka na gesi inajikusanya ndani.

Hii ya pili cha kwanza kabisa nilihamisha holda. Nimeishusha chini usawa wa goti, kwenye kivuli, na maelekezo ya njia nayasikiliza kwa sikio moja, kwa hiyo mwanga nauweka mdogo. Mchana nikiwa nasubiri abiria naichomeka kidogo kidogo, na nikiona imepata moto nachomoa na kava navua. Wengine wanaogopa kuchomeka mara nyingi wanasema inakula betri, sio hivyo, mzunguko mmoja ni asilimia 100 kwa jumla, leo ukijaza 50 na kesho 50 ndio umemaliza mmoja. Betri nyingi za simu zinakadiriwa mizunguko kati ya 500 na 1,000, inategemea simu, mpaka zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo.

Nyumbani kwenye mipangilio nimewasha ile sehemu ya kulinda betri, ikifika 80 inaacha yenyewe, na chini siiruhusu ishuke sana, ikigusa 25 au 30 natafuta umeme. Lakini sijifungi, nikisikia kesho umeme unakatika au nina safari ya Morogoro naijaza mpaka 100, kujaza siku moja moja hakuna shida, shida ni kuiacha imejaa kwenye joto kila siku. Chaja nayo natumia ile iliyokuja na simu.

Sasa ina mwaka na miezi kumi, nikiangalia afya ya betri inasoma asilimia 91, na naianza saa kumi na mbili asubuhi na ile 80 yangu inanifikisha saa nane mchana bila kuchomeka, ramani ikiwa inafanya kazi.

Tableti ya watoto ndio iliniuma, tuliifungia kabatini imeisha chaji kabisa, miezi sita baadaye haikuwaka tena. Kifaa kama hukitumii kiache na chaji nusu halafu kila baada ya muda kiangalie. Juzi mdogo wangu kanunua simu mpya kaja nayo kwangu ikiwa kwenye boksi, anauliza achaji masaa mangapi. Nikamwambia iwashe hapa hapa. Ilikuwa na 58, tukaanza kuweka laini.